Daftari la Kona

Neema alinipigia simu asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi mwangu, akaniambia baba yake ametutoka na mazishi ni kesho yake saa nane mchana, huko Kabuku. Nilimuuliza yale ambayo mtu huuliza: hali ilibadilika lini, nani yuko na wewe, kanisani mmeshaongea nao. Kisha nikakaa barazani mpaka chai ikapoa. Kilichonijia kichwani hakikuwa sura ya baba yake, Faustini, wala sauti yake. Ulikuwa mwandiko wake: herufi kubwa za penseli, zimelala upande kwa sababu ziliandikwa ndani ya gari linalorukaruka. Nilijuana na Faustini zaidi ya miaka arobaini. Wanangu walimwita baba mkubwa, na wake waliniita mimi baba mdogo. Katika miaka yote hiyo kuna mwaka mmoja tu ambao nilimwogopa, na ndio ninaotaka kuuandika hapa, maana aliyebaki wa kuusimulia ni mimi peke yangu, na simwamini sana msimulizi huyo.

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Faustini na mimi tulikuwa mafundi wa karakana ya shamba la mkonge, upande wa Ngombezi. Kazi yetu ilikuwa matrekta, malori ya kubebea majani, na mara nyingine korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, ilipokwama. Shamba lilikuwa linabadilisha wenyewe. Hakuna aliyejua mwezi ujao ataripoti kwa nani, wala nani ataulizwa habari za nani. Redio ya kantini ilitukumbusha kila siku kuwa macho na vibaraka, na watu wakawa macho kweli kweli. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu karibu na ghala, mlinzi alisogea aone unachofunga. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Mzigua wa Handeni, na nilidhani macho hayo yote yanawatazama wengine.

Gari letu lilikuwa dogo, la kijivu, mali ya injinia mmoja Mzungu aliyerejea kwao. Lilisimama nyuma ya karakana na injini iliyogoma, panya wamezalia ndani ya kiti cha nyuma. Kabla ya kuondoka aliandika barua fupi kwamba gari ni letu sote wawili, Rajabu na Faustini, tulifufue kama tunaweza. Tulilifufua kwa miezi minne ya Jumapili. Halafu kwenye ubao wa ofisi likabandikwa tangazo la klabu moja ya magari ya huko pwani, ambayo mpaka siku hiyo hatukuwahi kumwona Mwafrika ndani yake isipokuwa amebeba trei. Walikuwa wanafungua shule ya siku kumi ya udereva wa mashindano, kwenye kiwanja cha ndege cha shamba jirani kilichokuwa kimeacha kutumika, na safari hii walitaka wananchi. Gari uje nalo mwenyewe. Kila gari dereva mmoja, na msomaji mmoja wa kumsomea barabara.

Dereva mmoja. Tulisoma tangazo lile bega kwa bega, tukarudi karakana, tukaanza kuzungumzia mikanda. Tulizungumzia mikanda, na kofia ngumu, na chombo cha kuzimia moto, na cheti cha daktari. Nani atakaa upande gani, hakuna aliyelitaja. Nikitazama nyuma naona kwamba mengine yote yalitoka hapo. Wakati ule niliona ni adabu.

Maandalizi yalichukua kiangazi chote. Tulichomelea bomba la chuma ndani ya gari, kutoka sakafuni kupita juu ya vichwa na kushuka upande wa pili, ili likipinduka paa lisitubonyeze. Tulikata bamba la pipa kuukuu tukalifunga chini ya injini kuikinga na mawe. Betri tuliifunga kwa ukanda wa chuma. Shokamzoba, zile za kupunguza mtikisiko, tuliazima kwenye gari bovu la wagonjwa tukazirekebisha, na mikanda tulishona wenyewe kwa nyuzi za mkonge zilizosokotwa mara tatu, tukaijaribu kwa kumning'iniza Faustini kwenye boriti ya karakana akiwa ameshika nondo mbili. Na sisi wenyewe tulijitengeneza. Niliacha sigara. Kila asubuhi kabla ya king'ora tulikimbia kando ya reli, na jioni tulijifunga kilemba cha gunia chenye mchanga tukazungusha shingo, kwa kuwa injinia aliwahi kutuambia kwamba dereva wa mashindano huchoka shingo kabla ya mikono. Mganga wa shamba, aliponipima macho, aliniuliza kama nimepata kazi ya ndege.

Chumba cha Faustini kilikuwa kambini, katika safu za nyumba ndefu za wafanyakazi, cha tatu kutoka bombani. Kitanda, picha ya Bikira Maria, meza iliyotengenezwa kwa sanduku la vipuri. Alikuwa kapera kama mimi lakini akijua kupika, na pale ndipo nilipokula zaidi mwaka ule: ugali wa muhogo, perege wa mtoni, na mboga ya mchunga iliyochemshwa mara mbili ikabakiza uchungu kidogo. Tukishakula tuliweka vigoda viwili sambamba. Mimi nilishika sinia kama usukani, yeye akafungua daftari na kunisomea barabara ya Handeni tuliyokwisha kuipita polepole na kuiandika, kona kwa kona, daraja kwa daraja. Kila kona ilikuwa na namba: moja ni ya kulala, tano ni ya kukaribia kurudi ulikotoka. Kulia na kushoto vilitupa shida, kwa sababu vyote vinaanza na KU na ndani ya gari linaloruka huna muda wa kuandika neno zima. Faustini akaamua kutumia D na E. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye nchi ya Mreno, akasoma kidogo kwa mapadri kabla wazee wake hawajavuka kuja kwenye mkonge. Huko kulia ni direita na kushoto ni esquerda. Niliona ni jambo la akili. Majirani walipita mlangoni wakaona watu wazima wawili, mmoja anazungusha sinia, mwingine anamwambia, "E nne, daraja jembamba, mia moja, kilima, usiachie." Walisalimia na kupita, ila niligundua kwamba walisalimia kutoka mbali kidogo.

Siku moja nililiinua gari kwa jeki nikakuta nati mbili za gurudumu la mbele kushoto zimelegea. Nilizikaza mimi mwenyewe siku iliyotangulia. Nilikuwa na hakika hiyo. Baada ya wiki moja nikakuta bomba la mafuta ya breki limechubuka mahali ambapo haligusani na kitu chochote. Gari lile liliguswa na watu wawili tu. Sikumwambia neno. Nilikaza, nikabadilisha, nikaanza kumtazama. Hadi leo sijui nati zile zilikuwa na nini. Huenda nilizikaza kwa mkono nikaitwa kula, nikasahau. Lakini mtu akishaanza kumtazama mwenzake namna ile, kila kitu huwa kinathibitisha. Akinitangulia karakana, nilijiuliza alikuwa akifanya nini. Akichelewa, nilijiuliza ametoka wapi.

Kisha nikamsikia. Ilikuwa Korogwe, kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, ambayo chumba chake cha ndani kilitenganishwa na cha nje kwa kiambaza cha mabanzi. Nilikuwa nje na vitumbua vyangu. Ndani alikuwa Faustini na Mgaza, karani wa shamba aliyekuwa akikusanya fomu za shule ile kuzipeleka klabu. Sikuwaona, niliwasikia. Mgaza aliuliza jambo sikulipata vizuri. Faustini akajibu kwa sauti ya chini, "Rajabu asijue kwanza. Fomu zikishapokelewa, hatakuwa na la kufanya."

Nilimaliza kitumbua kilichokuwa mdomoni. Nakumbuka nilikitafuna sana. Nilitoka bila kuaga mwenye hoteli, nikarudi Ngombezi kwa miguu, na njiani nililipanga lote: nati, breki, ukimya, na sasa fomu. Gari nimelifufua mimi, nilijiambia, kana kwamba mikono yake haikuwa na makovu ya moto ule ule wa kuchomelea. Jioni alinikaribisha chakula. Nikamwambia tumbo linanisumbua.

Siku tatu baadaye Mzee Salehe, balozi wetu wa nyumba kumi, alinikuta nachota maji. Alikuwa mtu mpole, mfupi, aliyezoea kuzungumza akitazama ndoo yako badala ya uso wako. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akauliza habari za nyumbani Handeni, mvua, mahindi. Halafu akaniomba twende naye ofisini mara moja. Pale mezani lilikuwa daftari la kona. Lilitoka chumbani kwa Faustini. Nani alilitoa, sikuambiwa. Kando ya meza alikaa askari kanzu mmoja nisiyemfahamu. Mzee Salehe alilifungua kwa ncha ya kidole. Madaraja yote kati ya Korogwe na Handeni yalikuwamo, upana wake na umbali wake, na herufi za Kireno.

"Mwanangu," alisema, "mimi nakuuliza kama mzazi. Hili daftari ni la nani, na limeandikwa nini?"

Watu wa siku hizi hawawezi kujua swali lile lilikuwa na uzito gani. Vita vilikuwa vinapiganwa ng'ambo ya Ruvuma, na Mreno alikuwa adui yetu pia. Mtu aliyezaliwa kwake, akipima madaraja yetu kwa lugha yake, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Jibu lilikuwa jepesi: kona zile nimezitaja mimi kwa mdomo wangu, yeye akaandika. Ningelisema ningeaminika, au tungeshikwa wote wawili. Niliogopa, hilo ni kweli. Lakini nisijifiche nyuma ya woga. Nilifikiria pia kile kiambaza cha mabanzi.

"Si langu, mzee," nilisema. "Sijui limeandikwa nini."

Askari kanzu akaandika mistari miwili kwenye karatasi, nikatia sahihi. Faustini alichukuliwa Jumatatu mchana, mbele ya karakana nzima, mikono yake ikiwa bado na grisi. Alinitazama mara moja. Nilichukulia kwamba ananiomba nitunze gari.

Kambini hakuna aliyeshangaa. Ghafla kila mtu alikuwa amejua siku nyingi. Mama mmoja aliyemuuzia perege alikumbuka kwamba Faustini alipenda kukaa karibu na reli. Mlinzi alikumbuka kuwa alikuwa akiuliza saa za treni. Mimi mwenyewe, Jumanne ile, nilijikuta nakumbuka kwamba hakupenda kupigwa picha. Nilikula peke yangu, ugali baridi na maharage ya kantini, na gari likawa langu. Kilichonipungukia sasa kilikuwa msomaji tu. Jumatano nikaenda kwa Mgaza karani kumuuliza kama anajua kusoma haraka, na kama fomu yangu inaweza bado kupelekwa.

"Fomu yako ilishapokelewa," alisema Mgaza. "Dereva ni wewe. Jibu lilikuja juzi."

Nikamuuliza nani aliijaza. Akavuta mtoto wa meza akanionyesha nakala. Kwenye mstari wa dereva palikuwa na jina langu, na kwenye mstari wa msomaji la Faustini, kwa zile herufi kubwa. Mgaza alieleza bila haraka, akipanga makaratasi yake. Alisema Faustini alimwambia kwamba Rajabu anaendesha vizuri kuliko yeye, ila akiulizwa atasema hapana, achukue Faustini, na yeye Faustini atasema hapana, achukue Rajabu, wataendelea kupishana hivyo mpaka siku ya mwisho ipite. Kwa hiyo asijue kwanza.

Sikumbuki nilivyotoka ofisini. Nakumbuka nilipanda baiskeli ya mtu bila kumuomba. Kwenye kituo cha polisi nilimkuta Inspekta, mtu mrefu mwenye miwani, hakuwa mtu wa huku kwetu, na karatasi yangu ilikuwa mbele yake. Nilimwambia daftari ni letu, kona nimezitaja mimi, herufi ni za kulia na kushoto tu.

"Jumamosi ulitia sahihi kwamba si lako," alisema.

"Niliogopa, afande."

"Na leo huogopi?"

Nikamwambia leo naogopa zaidi. Hakucheka. Alinihoji hadi adhuhuri. Alirudi kwenye swali lile lile kwa mlango mwingine, na mwishowe akasema hawezi kujua yupi kati yetu anadanganya, kwa hiyo atatupima. Kama daftari ni la kuendeshea gari, tumwendeshe nalo. Kesho, saa mbili asubuhi.

Nililileta gari saa mbili kasoro. Faustini alitolewa akiwa na shati lile lile la Jumatatu, amekonda usoni, mdomo umekauka. Nilikuwa na chapati kwenye karatasi nikampa. Alikula mbili amesimama, akalizunguka gari, akapiga matairi teke moja moja. "Upepo umepima?" aliniuliza. Ndilo neno lake la kwanza. Nikasema nimepima. Sikumwambia habari za sahihi yangu, na yeye hakuuliza. Nilijiambia hajui. Inspekta alikaa nyuma, akajifunga kamba niliyomtengenezea, akampa Faustini daftari, na akasema niende kwa kasi ile ile niliyodai ya mashindano, kwa kuwa polepole hata yeye anaweza.

Tulivuka mto tukaingia barabara ya vumbi ya Handeni, na Faustini akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa kavu, haipandi wala haishuki. "D mbili. Themanini. E nne, daraja jembamba." Kona ilikuja pale alipoisema, daraja likawa na upana alioutaja. Nilisikia kokoto zikigonga chini ya bamba letu kama mvua, na Inspekta akipumua kwa mdomo. Mikono yangu ilifanya kazi yake vizuri. Kichwa ndicho kilichokuwa mahali pengine. Kichwa kilikuwa kinawaza kwamba kama mtu huyu anajua nilichofanya, anahitaji herufi moja tu. Aseme D penye E, na hakuna atakayejua kamwe, maana nani atabaki wa kulinganisha? Kabla ya kufika kijiji cha Sindeni kuna kilima ambacho upande wa pili hauuoni mpaka umeshafika juu. "Kilima, nyoosha, usiachie," alisoma. Nilikuwa nimekipita kilima kile mara sita na sinia mkononi. Barabara upande wa pili ni nyoofu. Nilijua ni nyoofu. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikagusa breki.

Tulipofika juu, barabara ilikuwa nyoofu.

"Umeachia," alisema Faustini. Hakuniangalia. Akafunua ukurasa, akaendelea, "D moja, mia mbili," kwa sauti ile ile.

Handeni tulisimama kwenye duka la soda. Inspekta alishuka, akavua miwani akaifuta vumbi. Alimuuliza Faustini kwa nini hakuandika Kiswahili kama watu wengine. Faustini akamweleza habari ya kulia na kushoto na KU.

"Basi andikeni LIA na SHOTO," alisema Inspekta, na akatuambia tukimrudisha twende mwendo wa binadamu.

Faustini aliachiwa, na tulifika kwenye shule siku mbili baada ya wenzetu. Mwalimu, Mzungu mzee aliyekuwa akichechemea, alilikagua gari letu kwa saa nzima, akatikisa kila kitu kinachotikisika. Mikanda ya mkonge aliivuta kwa uzito wake wote, ikakataa kukatika, lakini alitufungia mingine kwa sababu kanuni ni kanuni. Halafu akasoma orodha yake na kuuliza Rajabu ni yupi. Nilimwambia Faustini ndiye ataendesha. Faustini alinigeukia akaniuliza kwa nini. Nilisema mkono wangu unauma. Alinitazama mkono, kisha usoni, kisha akaichukua kofia. Kwa siku nane nilimsomea, LIA na SHOTO, na nilikuwa msomaji mbaya: nilichelewa, niliruka mistari, mara moja nilimpeleka kwenye mkonge kabisa. Alirudisha gari nyuma akasema tuanze tena. Mwalimu alisema Faustini ana mikono ya kuzaliwa nayo. Faustini alishindana misimu miwili, kabla vipuri na petroli havijawa shida, akaja kufungua gereji yake Kabuku, kando ya barabara kuu. Mimi nikawa mwalimu wa madereva wa serikali. Tulizeeka tukitembeleana. Jambo la sahihi sikumwambia kamwe, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kuanza.

Mazishini Kabuku nilipewa kiti cha mbele pamoja na wanandugu. Padri, akisoma maisha ya marehemu, alimtaja rafiki aliyekwenda mwenyewe kituoni kumtoa alipowekwa ndani kwa kusingiziwa, na vichwa vikageuka kunitazama kwa heshima. Nilikaa na heshima hiyo mpaka watu walipopungua na sufuria zikaanza kuoshwa. Kisha nikamwita Neema kando, nyuma ya gereji, nikamweleza yote, kiambaza, ofisi ya balozi, maneno yangu mawili, sahihi. Ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu. Alinisikiliza mikono ikiwa imefungwa ndani ya khanga.

"Baba mdogo," alisema, "alijua. Karatasi yako walimsomea siku ile ile ya Jumatatu."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na rimu kuukuu ya gurudumu, nikakaa juu yake. Nikamuuliza kama aliwahi kusema lolote juu ya siku ile ya barabarani. Neema alifikiri kama atasema au ataacha. Alisema baba yake aliwahi kumwambia mara moja tu, akiwa tayari mgonjwa, kwamba kuna kona moja alifikiri kwanza kabla ya kuisoma. Kisha akaisoma ilivyo.

Sikumuuliza ni kona ipi, na nadhani asingejua. Tangu nirudi nyumbani nimeipita barabara ile kichwani, kutoka mtoni hadi Handeni, kona baada ya kona, nikisikiliza sauti yake mahali ilipokawia. Zote naziona amezisoma kwa wakati.